Tunatumia glasi, tunalipa debe

Kila ninaposimama sheli hapa Dar es Salaam nasikia lugha mbili. Mwenye gari kubwa jeupe anashusha kioo kidogo, anasema "jaza," kisha anarudi kwenye simu yake. Pembeni yake kijana wa bodaboda amekwishafungua tenki. Anaitikisa pikipiki asikilize kilichobaki ndani, anachomoa noti mbili zilizokunjika kwenye mfuko wa shati, anasema "niwekee ya elfu tatu." Namba za pampu zinamkimbilia yule wa kwanza dakika nzima. Kwa huyu wa pili zinasimama kufumba na kufumbua. Na katika wote wawili, hakuna aliyetaja lita.

Nimelitazama jambo hilo kwa miaka, na kila linapozungumzwa suala la dunia kutumia mafuta mengi mno, namkumbuka yule wa elfu tatu. Tunapewa jumla: dunia inatumia mapipa zaidi ya milioni 100 kila siku. Jumla ya namna hiyo inatutia sote kapu moja, mwenye kujaza na mwenye kutikisa tenki. Msimamo wangu ni kwamba hesabu ya mapipa peke yake inaficha mengi kuliko inayoyaonyesha. Tupime mafuta yanakula sehemu gani ya jasho la mtu. Kwa kipimo hicho, sisi tunaotumia kidogo sana ndio tunaolipa kikubwa, na kwa hiyo sisi ndio wenye haraka zaidi ya kujinasua.

Kipimo tulichoachiwa

Ili tuelewane, niyapime mafuta ya dunia kwa kipimo chetu wenyewe, debe. Na debe lenyewe ni mtoto wa mafuta. Zamani mafuta ya taa yalifika pwani yetu kwa meli yakiwa ndani ya madebe ya bati, kila moja galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakateketea kwenye taa, bati likabaki. Tukachotea maji, tukapimia mahindi na maharage, tukalikunjua tukaezekea paa na kuzibia kuta. Kituo cha basi kikapata wapiga debe, siasa ikapata watu wa kuipigia debe, na wazee wakatuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lugha yetu ilishaloweka mafuta kabla wengi wetu hatujawahi kumiliki hata baiskeli.

Sasa tupime. Pipa moja la mafuta ghafi ni lita 159, karibu madebe tisa. Chukua yale mapipa milioni 100 ya kila siku, wagawie watu bilioni nane waliomo duniani, kila mmoja anapata lita mbili kwa siku, mtoto mchanga na mzee wa miaka tisini pamoja. Lita mbili zinasikika kama haki. Lakini nani amewahi kuona chakula cha shughuli kikigawanywa sawa?

Marekani inatumia mapipa karibu milioni 20 kwa siku, ikiwa na watu milioni 330 na zaidi. Kila Mmarekani hapo anakuwa na lita tisa na ushee: nusu debe, kila siku inayopambazuka. Saudi Arabia, yenye joto la jangwani, viyoyozi, viwanda vya mafuta na hata mitambo ya umeme inayochoma mafuta, inakaribia debe zima kwa kila mkazi. Mchina yuko jirani na zile lita mbili za wastani. Mhindi anazidi nusu lita kidogo.

Na Mtanzania? Kiasi chote tunachotumia nchini, ukikigawa kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya mwaka 2022, hakizidi glasi moja kwa siku. Glasi ya kawaida, ile ya kunywea maji mezani. Humo ndimo yalimo malori, mabasi ya mikoani, jenereta, matrekta, ndege, pikipiki na misafara ya wakubwa. Mwanakijiji aliye mbali na lami, sehemu yake ndani ya glasi hiyo ni matone.

Jasho la lita moja

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kile kidogo kinachoonekana si kitu kwa mwenye debe, kwetu ni cha kuzamisha mtu.

Linganisha hivi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu mwaka 2009. Wengi huko wanakilalamikia, na wana haki. Hata hivyo, petroli inapouzwa dola tatu na ushee kwa galoni yao, saa moja ya kazi ya mtu huyo wa chini kabisa inanunua lita nane hivi. Njoo kwetu. Kibarua wa shambani anayeshika jembe toka alfajiri hadi jua la utosi kwa Sh6,000, petroli ikiwa Sh3,000, siku yake nzima ni lita mbili. Na hapo hajala, hajanunua sabuni, mtoto hajapata daftari.

Soko la dunia halina bei ya maskini. Pipa likipanda kwa sababu ya vita au kwa sababu ya hofu kwenye mlango wa bahari wa Hormuz, unaopitisha karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yote ya dunia, linapanda kwa wote. Sisi tunalilipa kwa dola, na dola tunazipata kwa korosho, kahawa, dhahabu na watalii. Mwaka 2023 dola zilipoadimika tuliona wenyewe: sheli zimewekwa koni mlangoni, foleni za pikipiki zinazunguka kona, na kule vijijini petroli ya chupa ikauzwa kwa bei anayoitaka mwenye chupa.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo. Kenya, mwenzake EPRA hufanya hivyo tarehe 14. Kwa mwenye gari lake la kwenda ofisini, tangazo lile ni habari ya kukunja uso. Kwa kijana wa bodaboda ni hesabu ya maisha. Tuseme anachoma lita tatu kwa siku. Bei ikipanda Sh200, Sh600 zimeondoka, na hesabu ya bosi haipungui kwa sababu hiyo. Siku 26 za kazi ni Sh15,600. Abiria naye ukimwambia nauli imepanda anashuka anatembea. Kijana anabaki na njia moja tu: kurudi nyumbani saa nne usiku badala ya saa mbili, akiendesha kwa macho mazito barabara ya malori.

Nyanya ya Ilula

Kuna watu watasema: mimi sina pikipiki wala gari, mafuta yananihusu nini? Nawaomba twende Ilula.

Ilula ni mji mdogo mkoani Iringa, kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya, na nyanya zake zinajulikana nchi nzima. Msimu ukikolea utaona matenga yamepangwa kando ya barabara mithili ya kuta, nyanya za juu zimechaguliwa moja moja zing'are, zimefunikwa majani makavu. Fuso inapakiwa jioni. Inashuka mlima Kitonga usiku kwa gia ndogo, breki zinanuka, inakatiza bonde la mibuyu, inaipita Mikumi, inaipita Morogoro, inaingia Dar alfajiri baada ya kilomita zaidi ya 400. Kisha inarudi, mara nyingi tupu, ikiupanda Kitonga ikiguguma na moshi mweusi. Safari ya kwenda na ya kurudi, dizeli yote hiyo imo ndani ya tenga.

Wala haikuanzia hapo. Mkulima alisukuma maji bondeni kwa pampu ya petroli. Dawa aliyopulizia imetengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta, mbolea ilivuka bahari kwa meli inayochoma mafuta mazito. Sokoni Dar, mwenye genge anachukua nusu tenga, anamlipa wa bajaji, anafika mtaani kwetu, anazipanga mafungu ya nyanya nne nne juu ya gunia. Bei ya dizeli ikipanda, fungu halipandi bei mara moja. Mama mwenye genge ni mwerevu, anajua mteja ataondoka. Anapunguza nyanya moja. Fungu la nyanya nne linakuwa la nyanya tatu kwa fedha ile ile.

Hiyo nyanya iliyotoka kwenye fungu ndiyo matumizi ya mafuta ya kaya ya Kitanzania, na hakuna jedwali la dunia linaloihesabu. Haimo kwenye lita wala mapipa. Imo kwenye mchuzi uliopungua rangi. Nauli ya daladala imo humo, sare ya shule iliyoletwa kwa kontena imo humo, ndoo ya plastiki, saruji iliyosafirishwa mpaka Sumbawanga, na lami ya barabara yenyewe ambayo ni masalia ya mafuta ghafi. Mwenye nusu debe kwa siku, mafuta yakipanda, anaahirisha safari ya kujifurahisha. Mwenye glasi anaahirisha nini?

Simpongezi anayetembea kwa kukosa nauli

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kutusifu kwamba sisi Waafrika hatuchafui hewa. Sifa hiyo siipokei. Mama anayetembea kilomita nane kwenda zahanati akiwa na uchungu hajaamua kuilinda dunia. Amekosa usafiri. Gari la wagonjwa lililoegeshwa halmashauri kwa sababu fungu la mafuta limekwisha halimsaidii mtu yeyote, si hapa wala huko barafu inakoyeyuka.

Na wanaotuhubiria kwamba tusiguse mafuta, huku kwao kila nyumba ina magari mawili, niwakumbushe kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao waanze kupunguza debe lao. Norway wameonyesha linawezekana: mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya umeme, japo nchi hiyo inaendelea kuuza mafuta yake nje, na hilo nalo tuliseme.

Lakini hasira kwa mwenye debe haijazi glasi yangu. Hata kama wakubwa wa dunia wasingebadilika hata kidogo, sisi bado tungekuwa na sababu zetu za kuachana na utegemezi huu, nazo zinaanzia kwenye fungu la nyanya.

Dakika tatu za dunia

Wapo wanaosubiri bomba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, nyingi zikiwa ndani ya ardhi yetu, na litapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na huganda. Ni kazi kubwa ya kihandisi, italeta mapato na imeleta ajira. Ila mtaani nimesikia mara nyingi: "bomba likianza, mafuta yatashuka bei."

Hayatashuka kwa sababu ya bomba. Uwezo wake ni mapipa 216,000 kwa siku. Dunia inateketeza kiasi hicho kwa dakika tatu. Akiba yote ya Uganda inayokadiriwa kuweza kuchimbwa, mapipa bilioni 1.4, dunia ingeimaliza kwa wiki mbili. Tone hilo haliwezi kuigeuza bei ya soko. Tena yatakuwa mafuta ghafi yakienda melini. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1966, kiliacha kazi hiyo siku nyingi na kubaki ghala. Cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013. Mafuta yatapita Tanga, na petroli ya bodaboda wa Tanga itaendelea kuja na meli kutoka mbali.

Tumeshapata funzo la kutegemea pipa la mwenzetu. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei kutoka kama dola tatu hadi karibu 12 kwa pipa katika miezi michache. Uholanzi walikaa Jumapili bila magari barabarani, na kwao ikaisha baada ya majuma kadhaa. Kwetu, marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri ilikuja ikakaa mpaka ikawa mazoea, na watoto wa rika letu tulicheza mpira katikati ya barabara tukidhani dunia nzima iko hivyo. Halafu vikaja vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, na mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakapandisha bei tena. Wanaokumbuka foleni za sabuni na sukari wanakumbuka pia kwamba malori ya kuleta bidhaa hizo yalikuwa yamelala kwa kukosa dizeli na vipuri.

Na tukumbuke mafuta ya taa. Wafanyabiashara walipoyachanganya kwenye dizeli, neno kuchakachua likaenea mpaka kwenye mapenzi na uchaguzi. Serikali mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke. Kwa upande wa injini za magari ilikuwa na maana. Lakini nani aliyelipa? Mwenye koroboi. Mwanafunzi aliyekuwa akisomea mwanga wa utambi alilipishwa dhambi ya mwenye lori la mafuta. Nimeshindwa kuisahau hiyo.

Glasi iende wapi

Kama glasi ni moja, basi tuimwage mahali panapostahili. Sioni sababu ya msafara wa kiongozi mmoja kwenda kukata utepe kuwa na mashangingi kumi na tano, injini zikiunguruma juani saa tatu hotuba zikiendelea ili viyoyozi vibaki baridi. Dizeli inayoungua hapo ingeliendesha gari la wagonjwa la tarafa nzima. Naijua hoja kwamba sehemu ya bei tunayolipa ni tozo za barabara na umeme vijijini, na tozo hizo nazitetea. Kuna vitongoji vimepata taa kwa fedha hizo. Ndiyo maana inauma zaidi kumwona mlipaji wa elfu tatu akichangia barabara, kisha akisukumwa kando yake na ving'ora.

Foleni za Dar nazo ni sheli inayovuja. Maelfu ya injini zimewashwa, hakuna anayesogea. Basi moja la mwendokasi linalopita kwa wakati lina thamani kuliko kampeni kumi za kuhimiza watu kubana matumizi, na basi linalochelewa, watu wakining'inia milangoni, linawarudisha wenye uwezo kwenye magari yao.

Yapo tuliyoanza vizuri. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma, na maji ya Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, yanaingiza umeme kwenye gridi ile ile inayoivuta. Kila behewa la mizigo litakalohamia reli hiyo ni Fuso kadhaa zisizonunua dizeli kwa dola. Gesi ya Songo Songo ipo tangu 2004, na wenye bajaji na teksi waliofunga mfumo wa gesi watakwambia wenyewe tofauti wanayoiona jioni wakihesabu. Tatizo lao ni foleni ya kujaza, maana vituo ni vichache na mtu anapoteza nusu siku. Hilo ni tatizo la vituo, linatatuliwa kwa kujenga vituo. Ethiopia, yenye umeme wa maji kama sisi, iliamua mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, na sababu kubwa waliyoitaja ni fedha za kigeni. Sisemi tuige neno kwa neno. Lakini kwa nini pikipiki ya umeme bado iwe kitu cha kushangaa mtaani kwetu, ilhali Kigali na Nairobi vijana wanabadilishana betri kama wanavyobadilisha mitungi ya gesi?

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwa mama yangu, wilayani Kilolo. Zamani pale palikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli. Tulikuwa tukiisikia ikidunda tangu ng'ambo ya mto. Bei ya kusaga iliandikwa kwa chaki ukutani, kwa debe, na ilifutwa na kuandikwa upya kila mara mwenye mashine aliporudi Ilula na kidumu chake. Kina mama walikuwa wakichungulia ukutani kwanza, ndipo wanatua mzigo kichwani. Sasa umeme umefika. Mashine ni ya mota, inanguruma kwa sauti nyembamba, unga unatoka vumbi lake lile lile jeupe. Nilimuuliza kijana anayesaga kama bei ilipanda mwaka 2022, petroli ilipovuka Sh3,000. Akageuka akautazama ukuta kama anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Namba imeandikwa kwa rangi ya mafuta.